Pio Gama Pinto: Aliyerudi nyumbani asijue Kiswahili

Sisi tunaopanda basi la usiku kutoka mpaka wa Malaba kwenda Nairobi kununua mali, alfajiri hutukuta tunaingia mjini kwa njia ya Westlands. Abiria wengi wakati huo wanatafuta viatu vyao chini ya viti, au wanapapasa kama fedha bado ziko mahali walipozificha. Wachache wanaangalia nje. Upande wa kushoto, nyuma ya majengo marefu ya siku hizi, kuna barabara iitwayo Lower Kabete. Asubuhi ya Jumatano, Februari 24, 1965, mtu mmoja alipigwa risasi kwenye lango la nyumba yake katika barabara hiyo, akiwa ndani ya gari, na binti yake mdogo akiwa kiti cha nyuma.

Mtu huyo ni Pio Gama Pinto. Vijana wa kwetu hapa Kigali hawamjui, na sishangai. Hata Nairobi nimekutana na wauza maduka ambao wameona sura yake kwenye stempu ya posta ya Kenya iliyotolewa mwaka 2008 na wakadhani ni tajiri fulani wa Kihindi.

Mimi nilizaliwa Nairobi. Wazazi wangu walikimbia Rwanda, wakapita Uganda, baba akapata kazi Kenya. Jina la Pinto nililisikia kwa mara ya kwanza nikiwa mtoto, kutoka kwa jirani yetu mmoja, mzee aliyekuwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Mzee huyo alikuwa na desturi ya kutuambia sisi watoto wa wakimbizi tusijali tunapoitwa wageni, kwani alimfahamu mtu aliyeitwa mgeni katika mji aliozaliwa. Niliporudi Rwanda mwaka 1995, nikachekwa sokoni kwa Kinyarwanda changu kibovu, nikayakumbuka maneno ya mzee yule. Ndipo nikaanza kutafuta habari za Pinto kwa bidii.

Alizaliwa Nairobi, Machi 31, 1927. Wazazi wake walikuwa Wagoa, yaani watu wa Goa, sehemu ya pwani ya India iliyokuwa ikitawaliwa na Wareno. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Kenya. Mtoto alipotimiza miaka minane alipelekwa India kusoma, kama walivyofanya Wagoa wengi wenye uwezo. Alikaa huko hadi utu uzima. Alisoma sayansi katika chuo cha Dharwar, akaingia jeshi la anga kwa muda mfupi, kisha akapata kazi katika posta na simu mjini Bombay. Huko posta alishiriki mgomo wa wafanyakazi, akiwa bado kijana mdogo. Aliponja siasa hakuiacha tena. Alijiunga na waliokuwa wakidai Wareno waondoke Goa, na alipoanza kutafutwa akaona afadhali arudi alikozaliwa. Angekamatwa, safari yake ingeweza kuishia Tarrafal, gereza la Wareno katika visiwa vya Cape Verde.

Basi mwaka 1949 akarudi Kenya. Alikuwa na miaka 22, hana mali, na Kiswahili hakijui. Hebu fikiri, msomaji: mtu anarudi nyumbani na hawezi kuagiza chai. Wale wetu waliotoka Kampala, Bujumbura, Goma au Dar es Salaam wanaijua aibu hiyo. Pinto alijifunza Kiswahili akiwa mtu mzima, kwa makusudi, kwa sababu aliona hawezi kuwafanyia kazi watu asiosema nao. Wahindi na Wagoa wengi wa wakati huo walikuwa na Kiswahili cha dukani na jikoni tu, cha kuagiza na kukemea. Yeye alitaka cha mkutanoni.

Alifanya kazi za ukarani hapa na pale, lakini saa zake nyingi zilikwenda katika ofisi ya chama cha Wahindi iliyokuwa Desai Memorial Hall, na katika magazeti. Aliandikia Daily Chronicle, gazeti ambalo serikali haikulipenda. Ofisini hapo walipita viongozi wa KAU, chama cha Waafrika, na Pinto akawa mtu wao wa kuandika, kupiga chapa na kusambaza. Hakuwa msemaji wa majukwaani. Waliomjua wanakubaliana kwamba alipenda kukaa nyuma, kazi iishe na jina apewe mwingine.

Oktoba 1952 ilitangazwa Hali ya Hatari. Jomo Kenyatta na wenzake walikamatwa na kushitakiwa Kapenguria. Pinto alikuwa miongoni mwa waliohangaika kuwatafutia mawakili, hata kutoka India. Pia alisaidia wapiganaji wa Mau Mau walioingia msituni, kwa habari, kwa fedha na, kama walivyosimulia baadaye wenyewe, kwa silaha. Kwa mtu asiyekuwa Mwafrika, hicho kilikuwa kitanzi anajivalisha mwenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka 1954 alimwoa Emma Dias. Inasimuliwa kwamba fedha alizopewa na baba mkwe za kuanzia maisha alizitumia kununua mtambo wa kuchapa. Mimi kama baba wa mabinti hadithi hii hainichekeshi sana, lakini inamweleza mtu kuliko hotuba. Miezi mitano baada ya harusi, Juni 19, 1954, polisi walimchukua. Nairobi ilikuwa imetoka tu kupekuliwa katika Operesheni Anvil, ambapo maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walipakiwa kwenye malori na kupelekwa kambini.

Pinto alipelekwa Takwa, kambi iliyokuwa katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu. Wanaofanya biashara ya pwani wanaijua Manda kwa sababu ya uwanja wa ndege. Wakati ule ilikuwa joto, mchanga na maji ya shida. Kizuizini humo alikuwemo pia Achieng Oneko, aliyeshitakiwa pamoja na Kenyatta. Baba yake Pinto alifariki wakati mwanawe yuko kizuizini. Baadaye alihamishwa kwenda Kabarnet, mbali kaskazini katika Bonde la Ufa, ambako alizuiwa kutoka nje ya eneo lile lakini mkewe aliweza kukaa naye. Aliachiwa Julai 1959. Miaka mitano kamili, bila kesi.

Hapa ndipo mtu wa kawaida angesema sasa basi. Ana mke, ana mtoto, ana afya iliyochoka. Lakini kuanzia 1959 hadi kufa kwake ndiyo miaka aliyofanya kazi kubwa kuliko yote, na ni kazi ambayo haina sherehe. Waliotoka kizuizini walikuta mashamba yao yamechukuliwa na watoto wao hawana karo. Pinto aliwatafutia kazi, aliomba michango, alilipa karo kutoka mfukoni mwake wakati mfuko wenyewe ulikuwa mtupu. Yule mzee jirani yetu alikuwa mmoja wa waliosaidiwa. Alituambia kwamba ukimwendea Pinto na shida hakuuliza kabila wala dini, aliuliza kiasi gani.

KANU ilipozaliwa mwaka 1960, Pinto aliingia akiwa mfanyakazi wa chini. Alianzisha gazeti la chama, Sauti ya KANU. Baadaye, kwa msaada kutoka kwa Nehru wa India, na pamoja na Oginga Odinga na Joseph Murumbi, ikaanzishwa kampuni ya uchapaji iliyoitwa Pan African Press. Kampuni hiyo ilitoa gazeti la Kiswahili, Sauti ya Mwafrika. Kwangu mimi hili ni jambo la kutazamwa vizuri: mtu ambaye mwaka 1949 hakuweza kuagiza chai, kabla ya uhuru anasimamia gazeti la Kiswahili linalosomwa na mwanachama wa tawi la kijijini.

Murumbi, baba yake Mgoa na mama yake Mmaasai, alikuwa rafiki yake wa karibu na alikiri waziwazi kwamba Pinto ndiye aliyemfundisha siasa. Mwanafunzi huyo akawa waziri, kisha mwaka 1966 makamu wa rais. Mwalimu wake hakuwahi kuwa na cheo hata cha naibu waziri. Alichaguliwa katika Bunge la Afrika Mashariki, lile lililounganisha Kenya, Uganda na Tanganyika kabla ya Jumuiya ya kwanza. Julai 1964 akawa mbunge wa kuchaguliwa maalum nchini Kenya. Wakati huohuo alikuwa akiwasaidia wapigania uhuru wa Msumbiji, kwani aliwajua Wareno tangu ujana wake.

Nafika sasa kwenye chuo, na hapa naomba subira ya msomaji, kwa sababu bila chuo hiki habari ya Pinto inakuwa ya mtu mwema aliyeuawa tu.

Baada ya uhuru wa Desemba 1963, KANU ilikuwa serikali, lakini chama chenyewe kilianza kunyauka. Viongozi walihamia ofisi za mawaziri. Matawi ya wilayani yalibaki na makatibu wasiolipwa, wasiojua kuandika kumbukumbu za mkutano wala kutunza hesabu za ada, na wasiojua serikali yao inataka nini. Mwanachama aliyepigia kura Jogoo akitarajia ardhi au kazi, akija ofisini anakuta mlango umefungwa. Pinto na kundi la Odinga walisema dawa ni kuwasomesha watu wa matawi. Ndipo kikajengwa Chuo cha Lumumba nje kidogo ya Nairobi, kikapewa jina la Patrice Lumumba wa Kongo, aliyeuawa Januari 1961. Kilifunguliwa Desemba 12, 1964, siku ileile Kenya ilipokuwa Jamhuri. Wadhamini walikuwa Kenyatta mwenyewe na Odinga. Bildad Kaggia aliongoza bodi, na Pinto alikuwa ndani ya bodi hiyo, akifanya kama kawaida yake ile kazi ya kufuatilia, kuandika na kutafuta.

Wanafunzi hawakuwa watoto wa sekondari. Walikuwa makatibu na wenyeviti wa matawi, watu wazima wenye familia, waliokuja kusoma uendeshaji wa chama, historia, uchumi na siasa ya ujamaa. Wengine walikuwa hawajakaa darasani tangu ukoloni.

Lakini lazima tuseme ukweli wote. Fedha za chuo zilitoka nchi za Mashariki, Urusi ikiwa mbele, na walikuwapo walimu kutoka huko. Mwaka 1965 dunia ilikuwa imegawanyika. Upande mwingine wa KANU, wa Tom Mboya na wenzake, ulikuwa na marafiki zake Marekani na Uingereza, nao pia hawakuja mikono mitupu. Kila upande ulinyooshea kidole fedha za mwenzake. Kwa maoni yangu hilo ndilo lilikuwa kosa la Pinto na kundi lake: walitaka kujenga chama kinachosimama kwa miguu ya wanachama wake, wakakijengea shule kwa fedha za mtu wa mbali. Adui zao hawakuhitaji sababu nyingine. Chuo kikaanza kuitwa kiwanda cha Wakomunisti kabla hata wanafunzi wa kwanza hawajamaliza masomo.

Jambo lililokuwa likibishaniwa hasa lilikuwa ardhi. Wazungu waliokuwa wakiondoka waliuza mashamba, na walionunua wengi walikuwa wenye fedha au wenye cheo. Waliopigania ardhi hiyo msituni na waliofungwa kwa ajili yake walibaki bila kitu. Pinto na Kaggia walilisema hilo bila kuzunguka. Inaelezwa kwamba mwanzoni mwa 1965 Pinto alikuwa akitayarisha hoja za kupinga mpango wa uchumi wa serikali, ule ulioletwa bungeni baadaye, Aprili 1965, kwa jina la Ujamaa wa Kiafrika. Fitz de Souza, wakili aliyekuwa rafiki yake, ameandika juu ya ugomvi mkali kati ya Pinto na Kenyatta katika majengo ya Bunge, na juu ya maonyo aliyopewa rafiki yake kwamba maisha yake yako hatarini. Pinto alikwenda Mombasa kwa siku chache, kisha akarudi Nairobi.

Jumapili ya Februari 21, 1965, Malcolm X aliuawa New York. Mwaka uliotangulia Malcolm alipita Nairobi na akakutana na Pinto. Siku tatu baadaye zamu ikawa ya Pinto. Mkewe alikuwa amekwisha kwenda kazini. Yeye alikuwa akitoa gari, mtoto nyuma, na alipofika langoni watu wakamsogelea na kufyatua. Mtoto hakuumia. Pinto alikuwa amebakiza wiki tano kutimiza miaka 38.

Aliacha mjane na mabinti watatu, na hakuacha mali. Mbunge, mkurugenzi wa kampuni ya magazeti, mjumbe wa bodi ya chuo, na wenzake ilibidi wachange ili familia ipate pa kuanzia. Baadaye Emma na watoto wakahamia Kanada. Katika nchi zetu hizi, nadhani kila msomaji anaweza kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja wanasiasa waliokufa hivyo.

Polisi waliwakamata vijana haraka. Kisilu Mutua na Chege Thuo walifikishwa mahakamani. Thuo aliachiwa, Kisilu akahukumiwa kunyongwa, na baadaye adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Jaji Mkuu Ainley, aliyesikiliza kesi, alikiri katika hukumu kwamba mambo yalionekana hayajakamilika na huenda walikuwapo wengine nyuma yake. Wengine hao hawakutafutwa. Kisilu alikaa gerezani miaka 36. Alitoka mwaka 2001, mzee, akisisitiza mpaka mwisho kwamba yeye hakumwua Pinto. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya iliyotoa ripoti yake mwaka 2013 iliyaweka mauaji haya katika orodha ya mauaji ya kisiasa, yakiwa ya kwanza tangu uhuru.

Na chuo? Aprili 1965 wabunge walijadili na kutaka kiwekwe chini ya Wizara ya Elimu. Julai mwaka huohuo baadhi ya wahitimu walivamia makao makuu ya KANU na kutangaza viongozi wapya wa chama. Walikamatwa. Mimi naona walifanya upumbavu, na kama Pinto angekuwa hai huenda angewazuia, kwa sababu alikuwa mtu wa hesabu na subira. Hawakuwa naye. Serikali ikakifunga chuo, kabla hakijatimiza hata mwaka mmoja. Aprili 1966 Odinga alijiuzulu umakamu wa rais na kuunda chama kingine. Murumbi akashika nafasi yake, lakini kabla mwaka haujaisha naye akaachia ngazi. Waliomjua wanasema kifo cha Pinto kilimvunja moyo na siasa. Akaenda zake kukusanya vitabu na kazi za sanaa za Afrika.

Matawi ya KANU yaliendelea kuwa na makatibu wasiolipwa.

Safari yangu moja ya kununua mali nilijipa nusu siku nikaenda City Park, kule Parklands, kuliangalia kaburi. Ni matembezi mafupi kutoka soko la mboga la hapo. Nilimkuta mlinzi, kijana wa magharibi mwa Kenya, nikamwuliza kwa heshima kama anajua Pinto amelala wapi. Alinionyesha bila kusita, kisha akanielekeza nitembee kidogo nje ya makaburi hayo, nione na kaburi la Murumbi. Murumbi alifariki mwaka 1990, na alikuwa ametaka azikwe karibu na rafiki yake. Serikali haikumpa mahali pa fahari, wala nafikiri hakupataka. Sasa eneo lile limefanywa bustani ya kumbukumbu, na sanamu alizozipenda zimesimama hapo.

Mlinzi aliniuliza kama mimi ni ndugu wa marehemu, maana huwa hawaji wengi. Nikamwambia hapana, mimi ni mtu wa Rwanda, nimekuja kununua vitambaa. Akaniambia Kiswahili changu ni cha Nairobi kabisa.